Mtoto Mtulivu

Watu wa Handeni wa rika langu hawakuhesabu umri kwa kalenda peke yake. Ukimwuliza mzee alizaliwa lini, atakuambia alikuwa anatambaa wakati wa njaa fulani, au alikwisha kuota meno njaa nyingine ilipoingia. Mimi nilizaliwa mwaka 1965, na cheti ninacho, lakini mama yangu hadi anafariki alikuwa akisema kwamba mimi ni "yule wa darasa la pili kwenye njaa ya yanga". Nchi yetu ya Uzigua imepitia njaa nyingi hata zikawa ndizo nguzo za kuhesabia miaka, kama wengine wanavyohesabu kwa wafalme wao.

Njaa hizo zina waandishi wake, nami sina haja ya kushindana nao. Ninachotaka kukiandika hapa ni jambo dogo lililomo ndani ya njaa, ambalo wanahistoria hulipita haraka kwa kuwa halina tarakimu: jinsi tabia ya mtoto inavyobadilika chakula chake kinapopunguzwa kikabaki cha namna moja tu, na jinsi sisi watu wazima tulivyoyasoma mabadiliko hayo. Maana tuliyasoma sana, kila mtu kwa macho yake, na mara nyingi aliyelipa gharama ya usomaji wetu alikuwa mama.

Mwaka 1974 mvua zilikuwa zimeshindwa sehemu nyingi za Tanzania, na Serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Ndipo yakaja mahindi ya njano ya Marekani. Watu waliyaita yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya mpira ya Young Africans, na mashabiki wa Simba walitaniwa kwamba sasa wanamla mtani wao asubuhi na jioni. Utani huo ulisaidia kidogo. Ugali wenyewe ulikuwa na harufu ngeni kwetu, na mboga hazikuwapo. Kunde zilikuwa zimekauka shambani, mchunga na mnavu vilikuwa vimechumwa hadi shina, na kuku walikuwa wameliwa au kuuzwa.

Nilikuwa na miaka 9, na nakumbuka michezo kuliko ninavyokumbuka ladha. Kabla ya hapo tulicheza mpira wa matambara kutwa nzima. Bila mtu yeyote kutangaza, mpira ulikoma. Tukahamia kwenye mdako na bao la vishimo, michezo ya kukaa. Kisha hata bao likawa si bao tena, tukawa tunakaa kivulini tunasimuliana vyakula: nani alikula nini kwenye arusi ya nani, wali wa nazi ulikuwa na mafuta kiasi gani, paja la kuku lilikwenda kwa nani. Ugomvi ulizuka kwa neno dogo ukaisha bila ngumi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kunyanyuka. Mwalimu wetu alituita wavivu. Alikuwa mtu mwema, naye pia alikuwa anakula yanga.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za jaribio lililofanyika Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa imani yao, wakajitolea kula nusu chakula kwa wiki 24 ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya walioharibiwa na vita. Vijana hao, wenye afya na elimu, walikuwa wakali kwa mambo madogo, wakajitenga, wakapoteza hamu ya karibu kila kitu isipokuwa chakula. Baadhi yao walikusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kama riwaya. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Niliona kivuli cha mwembe wetu na sisi chini yake tukisimuliana mapaja ya kuku.

Lakini vijana wale walikuwa watu wazima, na sisi tulikuwa watoto wa shule. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kusimulia. Yeye tabia yake ndiyo habari yake yote.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, ili msomaji asidhani kwamba Handeni iliumbwa na njaa. Mwanahistoria Mmarekani James Giblin ameandika kitabu kizima juu ya nchi hii kati ya mwaka 1840 na 1940, na hoja yake ni kwamba wazee wetu walikuwa na namna zao za kuikabili mvua mbaya: wakuu wenye maghala, ng'ombe, biashara na watu wa kutegemeana. Namna hizo hazikuwa nyororo. Mtu mwenye njaa aliweza kumweka mtoto rehani kwa tajiri, na rehani nyingine hazikukombolewa. Katika miaka ya 1830 njaa iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani, wakaishia kupakiwa majahazini na kupelekwa utumwani Somalia. Wajukuu wao katika bonde la mto Juba waliendelea kusema Kizigua, na vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowatimua, wengi walirudi Handeni kama wakimbizi, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, wakiomba hifadhi kwa lugha ambayo wenyeji waliielewa.

Hata hivyo, maghala na mifugo vilikuwapo. Katika miaka ya 1890 ikaja sotoka iliyoua ng'ombe Afrika Mashariki nzima, wakaja nzige, ukaja ukame, na juu ya hayo utawala wa Wajerumani uliowavunja nguvu wale wakuu wenye maghala. Mashamba yaliyoachwa yakawa vichaka, vichaka vikawa makao ya mbung'o, na mbung'o akamaliza mifugo iliyosalia. Waingereza walipokuja, Handeni ilikuwa tayari inajulikana maofisini kama wilaya ya njaa, na katika miaka ya 1930 ilionja tena.

Watu wakitaja upotevu wa ng'ombe hutaja mahari, mbolea na heshima. Mimi huyafikiria maziwa. Mahali penye maziwa, mtoto anayeacha ziwa la mama huhamia kwenye maziwa mengine, na mabadiliko hayo ni kama kuvuka kijito. Pasipo na maziwa, anahamia kwenye uji wa mahindi au bada la muhogo, chakula kizuri cha kumshibisha mkulima, lakini kwa mtoto ni mto mpana. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Ugali hawezi kuutafuna, na uji ili umezeke lazima uwe mwepesi, na ukiwa mwepesi sehemu kubwa yake ni maji. Angeweza kupona kwa kulishwa mara tano au sita kwa siku. Lakini mama anatoka alfajiri kwenda shamba na anarudi jua limepinda, na aliyeachiwa mtoto ni dada wa miaka saba.

Korogwe hali ilikuwa nyingine, na kwa namna fulani ilikuwa ya kushangaza zaidi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge ulikuwa umekwisha kuingia nchini: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na inasemekana miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yalienea kote kando ya reli. Wakaja manamba kutoka kila pembe ya nchi na nchi jirani. Babu yangu mzaa baba alishuka kutoka Handeni kwenda kukata mkonge huko wakati wa njaa mojawapo, akakaa. Alipenda kusema kwamba Handeni ulikula ulichovuna na Korogwe ulikula ulichopimiwa.

Posho ndiyo iliyokuwa neno kubwa la kambi. Ilipimwa kwa mfanyakazi: unga, maharage, chumvi. Hesabu ilifanywa kama kwamba kila mkata mkonge ni mseja, kumbe wengi walikuwa na wake na watoto ndani ya chumba kimoja cha kambi, na nafasi ya bustani ilikuwa finyu kwa sababu ardhi yote ilikuwa ya mkonge. Unga ulikuwapo mwaka mzima. Hapakuwa na njaa kambini kama ile ya Handeni, na bado watoto walivimba miguu na nywele zikageuka rangi. Ndugu wa Handeni waliokuja kutembea walishindwa kuelewa inakuwaje mtoto anaugua njaa katika nyumba yenye unga.

Ugonjwa huo tunauita kwashakoo, na jina lenyewe lina historia ya kuelimisha. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwaka 1933 alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto waliolishwa mahindi, na mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo akina mama Waga walimpa: maradhi ya mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Hakubuni jina la Kilatini. Aliuliza akina mama, wakamjibu, akaandika. Wakati huohuo huku kwetu madaktari walikuwa wakibishana. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na kisha Uganda, alieleza baadaye jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa ukichukuliwa kuwa minyoo au kaswende ya kurithi. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, kwa maradhi ya mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine.

Na sisi tulikuwa na letu. Pwani na bara yake wanasema mtoto amebemendwa. Maana yake, wazazi wamevunja mwiko, wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au baba ametoka nje ya ndoa akarudi na joto la huko. Mtoto analegea, anavimba, anakuwa mnyonge, na kila jirani anajua kwa nini, au anadhani anajua.

Ukiziweka Accra, Kampala na Handeni pamoja, utaona kwamba wote waliona jambo moja: mtoto huharibika pale mwingine anapochukua nafasi yake. Uchunguzi huo ulikuwa sahihi kabisa, na mwiko wenyewe, ukiufikiria, ulikuwa uzazi wa mpango wa wazee. Tofauti ni hukumu. Neno la Waga linaeleza tukio tu. Neno letu linashitaki. Nimewaona akina mama wakimficha mtoto mgonjwa nyumbani kwa wiki nyingi, wakimfunika shuka mchana, kwa kuogopa kupita naye mbele za watu kwenda zahanati, kwani miguu ya mtoto ingesema habari ambazo si za kweli juu ya kitanda cha mama yake. Na huko zahanati, katika kituo kimoja nisichotaka kukitaja, mhudumu aliyevaa sare alimwuliza mama mbele ya foleni: "Mlishindwa kusubiri?" Mama yule hakurudi tena.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1968 katika kambi ya mkonge karibu na Korogwe. Alipofika mwaka na nusu mama alikuwa mjamzito. Ziwa likapakwa shubiri, na juma lile lile mtoto akapelekwa Handeni kwa bibi, kama desturi ilivyokuwa: ziwa lisahaulike kwa kutoonekana. Habari hizi nimezisikia kwa bibi mwenyewe mara nyingi hata naziona. Siku za kwanza alilia, akapiga bakuli la uji kwa kiganja, akamfunua kila mwanamke kifua akitafuta. Kisha akaacha. Akawa anakaa pale alipowekwa, akivuta ngozi ya mkono wake. Majirani walimsifu. Walisema bibi amepata mtoto mtulivu, hamsumbui.

Bibi hakuipenda sifa ile. Alisema mtoto asiyesumbua ana neno. Hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini alikuwa amezika watoto watatu na kulea wengi zaidi, na utulivu ule alikuwa amekwisha kuuona kabla. Akaacha kumwacha nyumbani, akawa anambeba mgongoni hadi shamba. Akaponda kunde zilizopikwa na tui la nazi iliyotoka Pangani. Akabadilishana mahindi kwa maziwa na jirani Mparakuyo, kikombe kimoja kwa siku, na alimlisha kwa vidole, kidogo kidogo, mchana na usiku. Haikuwa kazi ya siku mbili. Alisema kwamba siku aliyojua mtoto amerudi ni siku alipomwuma kidole hadi kikatoka damu, kisha akacheka.

Mwaka 1955 Marcelle Geber, mtaalamu wa saikolojia kutoka Ufaransa, na Daktari Dean wa kituo cha utafiti wa lishe pale Mulago, Kampala, waliandika makala juu ya jambo hili hili. Walitazama watoto wa kwashakoo, wakaona kwamba pamoja na upungufu wa chakula kulikuwa na pigo la pili: mtoto aliyekuwa akibebwa, akilala na mama na kunyonya kila alipotaka, anaachishwa ghafla, mara nyingine anapelekwa mbali, na huzuni yenyewe inamfanya akatae hata kile chakula kidogo anachopewa. Njaa inaleta unyonge, na unyonge unakataa chakula, na njaa inazidi. Wengine waliosoma haraka walidhani wanasayansi hao wanawalaumu mabibi. Mimi nadhani walikuwa wamesema kwamba bibi wa kumbeba mgongoni ni sehemu ya dawa.

Madaktari waliotibu ugonjwa huu wanakubaliana juu ya alama moja. Mtoto wa kwashakoo huwa hachangamki, macho hayafuati kitu, ukimgusa analalama kwa sauti ndogo, ukimwacha ananyamaza. Siku anapotabasamu, anapona, hata kama vipimo vyake bado ni vibaya. Mwili uliokosa chakula unabana matumizi kama mwenye duka aliyefilisika, na kitu cha kwanza kufungwa ni mchezo. Moyo na mapafu havifungwi, udadisi unafungwa. Kwa hiyo ule utulivu uliosifiwa na majirani ulikuwa akiba ya mwisho inayotunzwa.

Kuhusu nini hasa kinachosababisha kwashakoo, wataalamu wamegombana kwa miaka mingi. Kwanza walisema ni upungufu wa protini, na dunia nzima ikakimbilia unga wa maziwa na vyakula vya protini. Mwaka 1974 mwaka wetu wa yanga, Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba hadithi ile ya protini ilikuwa fedheha kubwa, kwani watoto wengi walikosa chakula kwa jumla. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia mapacha nchini Malawi waliona kwamba katika nyumba moja, sahani moja, pacha mmoja aliweza kuvimba na mwenzake asivimbe, wakaelekeza macho kwenye vijidudu vya tumboni. Mama wa mapacha wale, kama angekuwa jirani yetu, angeulizwa alibemenda mmoja namna gani akamwacha mwingine.

Nchi yetu haikukaa kimya. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo Redio Tanzania ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975, yanga ikiwa bado mdomoni, ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika kwa vikundi kuizunguka redio moja, wakajadili na kuandika. Kwa mwenye njaa, kufundishwa kuchanganya vyakula kulikuwa na uchungu wake. Mzee mmoja wa kwetu aliinua mkono akauliza achanganye yanga na nini, na kikundi kizima kikacheka hadi mwenyekiti akafunga mkutano. Lakini kunde ziliporudi shambani, watu walikumbuka.

Nilisomea ualimu Korogwe, na wakufunzi wetu walikuwa bado wanazungumza juu ya Kwamsisi, kijiji cha ujamaa katika Wilaya ya Handeni, ambako tangu mwaka 1971 chuo cha Korogwe kilisaidia kujaribu shule ya namna mpya, masomo yake yakitoka katika maisha ya kijiji badala ya kuletwa yamefungwa katika vitabu. Mradi ule ulikuwa na mengi ya kubishaniwa. Mimi nilichukua kimoja: mwalimu akiona darasa limetulia kupita kiasi saa nne asubuhi, aulize kwanza waliamkia nini.

Kilichonivutia zaidi ni kimea. Wazee walikitumia kwa pombe: nafaka inaloweshwa, inachipua, inakaushwa na kusagwa. Wataalamu wa Taasisi ya Lishe mwanzoni mwa miaka ya 1980 waligundua kwamba kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito, uji unalegea mbele ya macho yako, kwani kimeng'enya kilicho katika nafaka iliyochipua kinavunja wanga. Kwa hiyo unaweza kupika uji wenye unga mwingi na bado mtoto akaumeza. Mkoa wa Iringa, ambako mpango mkubwa wa lishe ulianza katika vijiji 168, ulikuwa kama shule ya jambo hili: mtoto alipimwa kijijini kwake, wanakijiji wakayasoma wenyewe yale matokeo ya kijani, kijivu na nyekundu, wakajadili nani anabaki na watoto wakati wa kulima. Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo la kambi ya mkonge pia.

Nimeandika mpaka hapa kana kwamba kupunguza chakula cha mtoto ni ubaya tu. Si hivyo. Mwaka 1953 madaktari wa Birmingham, Uingereza, wakiongozwa na Horst Bickel, waliandika juu ya mtoto wa kama miaka miwili aliyekuwa hawezi kusimama wala kusema, akilia na kugonga kichwa kutwa. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao mwili unashindwa kutumia sehemu moja ya protini, fenilalanini. Walimtengenezea chakula kisicho na kitu hicho. Katika miezi michache alitambaa, akasimama kwa kushika kiti, macho yakang'aa, akaacha kulia. Ili kuhakikisha kwamba ni chakula na si bahati, walikirudisha kile kitu katika chakula chake bila mama kujua. Katika muda wa saa chache tu mtoto alianza kurudi nyuma, na mama akaja kuwaambia kwamba mwanawe anaharibika tena. Sipendi kwamba hakuambiwa. Lakini ushahidi wake ulikuwa na nguvu kwa sababu hiyo hiyo: hakuwa anatarajia kitu, na aliona.

Kadhalika Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa wa siliaki, watoto wembamba, wenye matumbo makubwa na hasira zisizokwisha. Wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika, na wakati Uholanzi nzima inadhoofika, wagonjwa wake hawakuzidiwa kwa kukosa ngano. Mkate uliporudi walirudi kuugua. Alikuwa na shaka juu ya ngano tangu zamani, na mwaka 1950 aliandika tasnifu yake.

Siku hizi katika miji yetu wapo wazazi wanaomwondolea mtoto sukari, au maziwa, au ngano, wakitumaini kwamba atatulia darasani au ataanza kusema. Siwacheki. Mzazi anayemtazama mwanawe kwa makini kiasi hicho yuko karibu na bibi yangu. Ninachowauliza ni kile ambacho bibi angeuliza: amekuwa mtulivu wa namna gani? Je, anacheza zaidi, anagombana, anauliza? Au ameacha kusumbua tu? Na ninawaambia waende kwa mtaalamu kabla ya kuondoa kitu, kwa sababu mtoto wa Birmingham hakunyimwa chakula. Alitengenezewa kingine mahali pa kile kilichoondolewa, kwa kipimo, akapimwa kila mara. Manamba wa Korogwe nao walikuwa na chakula kilichopunguzwa kikapimwa, ila hapakuwa na aliyepima watoto.

Hata dawa ina kipimo chake. Pemba, watafiti waliwapa watoto wadogo madini ya chuma, na mwaka 2001 waliandika kwamba watoto hao walisonga mbele katika kusema na kutembea. Mwaka 2006 utafiti mwingine wa hapo hapo Pemba ulionyesha kwamba katika nchi yenye malaria nyingi, kuwapa chuma watoto wote bila kupima kuliwaongezea wengine maradhi makali na vifo. Wa Korogwe, tunaolala na mbu, tunapaswa kuzisoma habari hizo mbili kwa pamoja.

Udumavu nchini umepungua. Takwimu za Taifa zilionyesha asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano mwaka 2015 na 2016, na asilimia 30 mwaka 2022. Hiyo bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu, na wengi wao hawana miguu iliyovimba wala nywele zilizobadilika. Ni wafupi kidogo na ni watulivu kidogo. Jamaika, nchi ya Cicely Williams, watafiti walichukua watoto 129 wa namna hiyo. Wengine walipewa maziwa, wengine walitembelewa saa moja kila wiki na mtu wa kucheza nao na kumfundisha mama kucheza, wengine vyote viwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba chakula kilisaidia akili, mchezo ulisaidia akili, na vyote pamoja vilisaidia zaidi. Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezewa.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kutibu utapiamlo mkali mwaka 1999, lilipanga hatua kumi. Joto, sukari ya damu, maji, maambukizi, kisha maziwa mepesi kwanza ili moyo usilemewe, na mazito baadaye. Hatua ya tisa ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo. Imo ndani ya orodha ya matibabu, kati ya chakula na ruhusa ya kwenda nyumbani, na vitu vya kuchezea vinaelekezwa vitengenezwe kwa vilivyopo: makopo, vitambaa, magunzi ya mahindi.

Muuguzi mmoja mstaafu, aliyefanya kazi wodi ya watoto katika mkoa wetu kwa miaka mingi, aliniambia jinsi walivyokabidhiana zamu. Uzito uliandikwa, na joto, na kiasi cha maziwa kilichonywewa. Lakini kabla ya kufungua daftari, wa asubuhi alimwuliza wa usiku swali moja: nani amelia? Akijibiwa kwamba wa kitanda cha pembeni hakumwacha mtu alale, alitupa kikombe cha uji akidai cha mwingine, akamvuta mama yake nywele, basi walicheka wote wawili, na mama yule aliyekesha akashangaa wanachekea nini.